Vielezi na Virai Husishi katika Kiingereza cha Kila Siku: Uhakiki wa Mafundisho ya Darasani

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule nchini Kenya hujifunza Kiingereza na Kiswahili kwa wakati mmoja, na aghalabu sarufi za lugha hizo mbili hupimwa kwa orodha moja ya aina za maneno. Orodha hiyo huanza na jina na kuishia kwenye kihisishi, na ndani yake kielezi na kihusishi huwekwa katika visanduku viwili vilivyofungwa. Kielezi, huambiwa mwanafunzi, ni neno linaloeleza zaidi juu ya kitenzi. Kihusishi ni neno linalotangulia jina na kulihusisha na neno jingine. Akishazikariri fasili hizo, huhesabiwa kuwa amelimaliza somo.

Ukweli ni kwamba somo halijaanza. Sentensi za Kiingereza zinazosemwa kila siku sokoni, ofisini na barabarani hazitumii kielezi peke yake wala kihusishi peke yake. Huviunganisha viwili, vitatu, hata vinne kwa mfululizo. Msemaji hasemi tu kwamba mtu yumo jikoni. Husema "She is back down in the kitchen", na katika maneno hayo machache husema kwamba mtu huyo alikuwako jikoni hapo awali, akaondoka, amerudi, na kwamba jikoni kwenyewe kuko chini ya mahali anapofikiriwa msemaji. Fasili za darasani hazina la kusema kuhusu mfululizo huo.

Makala hii ina makusudio matatu. Kwanza, kuonyesha kwamba mpaka uliowekwa baina ya kielezi na kihusishi cha Kiingereza ni dhaifu kuliko unavyofundishwa. Pili, kueleza kazi inayofanywa na mfululizo wa maneno hayo. Tatu, kuonyesha hasara inayotokea pale Kiswahili kinapopimwa kwa kipimo hicho, hasa katika kutafsiri, na zaidi ya yote katika kutafsiri maneno ya shahidi mahakamani, ambako neno moja la mahali laweza kumtia mtu hatiani au kumwokoa.

Visanduku Viwili

Zichukuliwe sentensi tatu: "The boy is up", "The boy is up the tree" na "The boy is up in the tree". Kwa mafundisho ya kawaida, neno "up" ni kielezi katika sentensi ya kwanza, ni kihusishi katika ya pili, na ni kielezi tena katika ya tatu. Sababu inayotolewa ni moja tu: katika ya pili neno hilo limefuatwa na jina.

Sababu hiyo haitoshi. Katika Kiswahili husemwa "mtoto anakula" na "mtoto anakula wali", wala hakuna mwanasarufi aliyewahi kudai kwamba "kula" ni kitenzi katika sentensi ya pili na ni aina nyingine ya neno katika ya kwanza. Husemwa kwa urahisi kwamba kitenzi hicho chaweza kuwa na shamirisho na chaweza kukosa. Kama kitenzi kimeruhusiwa uhuru huo, ni vigumu kuona kwa nini kihusishi kinyimwe.

Hoja hii si mpya. Otto Jespersen, mwanasarufi wa Denmark, aliitoa mwaka 1924 katika kitabu chake The Philosophy of Grammar, akavikusanya vielezi vya namna hii, vihusishi na viunganishi katika kundi moja. Katika miaka ya 1970 Joseph Emonds na Ray Jackendoff waliiendeleza ndani ya nadharia ya sarufi zalishi. Randolph Quirk na wenzake, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1972, hawakwenda mbali kiasi hicho. Waliuhifadhi mpaka wa zamani, lakini wakalazimika kuunda jina la katikati, yaani kielezi chenye asili ya kihusishi, kwa ajili ya maneno kama "up", "in" na "over". Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi waliyoitoa mwaka 2002, waliuvunja mpaka wenyewe: kwao "up" ni kihusishi popote kilipo, ama kimefuatwa na jina, ama kimefuatwa na kirai husishi kingine, ama hakikufuatwa na kitu.

Ushahidi wa msimamo huu umo katika matumizi. Liko neno "right" ambalo Kiingereza hulitumia kutilia mkazo mahali na mwelekeo. Husemwa "right up", "right in the tree", "right up in the tree" na "right there". Hakuna asemaye "right quickly" katika Kiingereza sanifu cha leo. Basi neno hili linakitambua kielezi cha mahali na kirai husishi kuwa ni ndugu, na linamkataa kielezi cha namna. Vivyo hivyo, husemwa "Out with it!" na "Into the house with you!", kielezi na kirai husishi vikikaa mahali pamoja katika muundo mmoja usio na kitenzi. Tena kihusishi cha Kiingereza chaweza kufuatwa na kirai husishi kizima badala ya jina: "from under the table", "until after supper". Fasili isemayo kwamba kihusishi ni neno linalotangulia jina inavunjwa na sentensi ambazo mtoto wa miaka minne huzisema bila shida.

Kosa la darasani, kwa hiyo, ni kuchanganya aina ya neno na kazi ya neno. Kuwa kielezi ni kufanya kazi ya kueleza, na kazi hiyo yaweza kufanywa na neno moja, na kirai, hata na kishazi. Aina ya neno ni jambo jingine. Ufundishaji unaoyachanganya haya mawili humwachia mwanafunzi majina mengi na ufahamu mchache.

Kazi ya Mfululizo

Yafaa sasa kuuliza kwa nini Kiingereza husema "up in the tree" ilhali "in the tree" ingetosha kumjulisha msikilizaji kwamba mtoto yumo mtini.

Jibu ni kwamba sehemu mbili hizo hazisemi jambo moja. Kirai "in the tree" hutaja pahali penyewe. Mtu yeyote, popote alipo, angepataja hivyo hivyo. Neno "up" hutaja pahali hapo kwa kupima kutoka mahali fulani pa kusimama, na aghalabu pa kusimama hapo ni pale alipo msemaji. Maneno "out in the yard" huwa ya mtu anayejiona yumo ndani. "Down at the shop" ni ya mtu anayejiona yuko juu ya duka au mbali nalo. Na "back at the office" ni ya mtu anayeihesabu ofisi kuwa mahali ambapo yeye, au huyo anayetajwa, alikuwako mwanzo. Neno la kwanza huelekeza jicho, kirai kinachofuata hulituliza.

Ndiyo sababu utaratibu wao ni imara. Husemwa "up in the tree" wala haisemwi "in the tree up". Mwelekeo hutangulia, pahali hufuata. Kunapokuwa na maneno mawili ya mwelekeo, lile la kurejea, yaani "back", hutangulia yote: "back up on the roof", "back over by the gate". Na palipo na pahali pengi, Kiingereza huanza na padogo kikaishia na pakubwa: "in a room at the back of a shop in Kisumu". Kwa kawaida pia namna hutajwa kabla ya mahali na mahali kabla ya wakati, isipokuwa kitenzi kikiwa cha mwendo, ambapo mahali husogea karibu na kitenzi.

Mkenya azungumzaye Kiingereza huifahamu kazi hii hata kama hakufundishwa. Mtu wa Nairobi husema amekwenda "down to Mombasa", na wa Mombasa husema amekwenda "up to Nairobi", kwa kuwa Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Maneno "to Mombasa" yangetosha kumfikisha msafiri; neno la mbele laeleza nchi ilivyoinama kutoka aliposimama msemaji. Kiswahili nacho kina njia yake: Mswahili wa pwani husema fulani amekwenda bara, na wa bara husema fulani ameshuka pwani. Kiingereza kimeiweka habari ya mwinamo katika neno dogo lililo baada ya kitenzi. Kiswahili kimeiweka katika jina la nchi au ndani ya kitenzi chenyewe. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na ndiyo kiini cha sehemu inayofuata.

Mahali ni Jina, Mwendo ni Kitenzi

Leonard Talmy, katika uchunguzi alioutoa mwaka 1985, aligawanya lugha kwa kutazama mahali zinapoiweka njia ya mwendo. Ziko lugha zinazoiweka njia nje ya kitenzi, na ziko zinazoiweka ndani yake. Kiingereza ni cha kundi la kwanza. Kiswahili, kama mtu yeyote anavyoweza kuona kwa kuvitazama vitenzi vyake, ni cha kundi la pili. Panda, shuka, ingia, toka, vuka, pita, rudi, zunguka, tumbukia: kila kimoja cha vitenzi hivi kina njia ndani yake, na hakihitaji kihusishi cha kukisaidia. Mwingereza asemapo "He swam across the river", kitenzi chake chataja namna, yaani kuogelea, na kihusishi chataja njia. Kiswahili hugeuza mambo: "Alivuka mto kwa kuogelea". Njia imekuwa kitenzi, namna imekuwa kirai.

Mfano mmoja watosha kuonyesha ufupi unaopatikana kwa njia hii. "He fell straight down into the water with a splash" ni sentensi yenye kitenzi kimoja na maelezo manne nyuma yake. Kiswahili husema "Alitumbukia majini chubwi!" Kitenzi kimebeba kuanguka na kuzama, jina lenye kiambishi -ni limetaja mahali, na tanakali ya sauti imemaliza mengine. Mfasiri anayehangaika kutafuta neno la "straight", la "down", la "into" na la "with" ataandika sentensi ndefu isiyosikika kama ya mtu.

Kuhusu mahali, tofauti ni kubwa zaidi. Vitabu vya shule huliita neno "nyumbani" kielezi cha mahali. Kwa kazi yake katika sentensi "Yuko nyumbani" jina hilo lakubalika. Lakini kwa aina yake, neno hilo lina tabia zote za jina. Lina vivumishi vyake: nyumbani pake, nyumbani kwake, nyumbani mwake. Tena laweza kuwa kiima na kutawala kitenzi: "Nyumbani mmeingia nyoka", "Mezani pamewekwa kitabu". Kiingereza kina sentensi inayofanana nayo kwa sura, yaani "Into the house comes a snake", lakini nyoka wakiwa wawili kitenzi hubadilika kuwa "come". Kitenzi cha Kiingereza kinamtii nyoka, kitenzi cha Kiswahili kinaitii nyumba. Joan Bresnan na Jonni Kanerva walilieleza jambo la namna hii kwa urefu mwaka 1989 wakichunguza Kichewa, na mtindo huu umeenea katika lugha nyingi za Kibantu.

Hata maneno yaitwayo vihusishi vya Kiswahili, kama "juu ya", "chini ya", "ndani ya" na "nyuma ya", ukiyatazama kwa makini utayaona ni majina ya mahali yaliyofuatwa na kiunganishi -a cha umilikaji: juu ya mti, kama vile paa la nyumba. Kiunganishi kikiondoka, jina hubaki likijitegemea: "Yuko juu". Vihusishi halisi vya lugha hii ni vichache: katika, kwa, na, hadi na vingine vya hesabu ndogo. Baadhi vimezaliwa na maneno ya aina nyingine. Kutoka ni kitenzi kilichotulia, na mpaka ni jina la kikomo cha shamba. Lugha yenye majina ya mahali na vitenzi vya njia haina haja ya vihusishi vingi.

Haya yote yalikwisha kuonyeshwa na E. O. Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944, alipoziweka PA-, KU- na MU- pamoja na ngeli nyingine badala ya kuzitupa katika sura ya vielezi. Ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu vingi vya darasani vilivyofuata vilirudi nyuma ya hatua hiyo.

Hasara katika Kutafsiri

Kosa la kwanza ni la "katika". Mfasiri aliyezoeshwa kwamba kila kihusishi kina mwenzake hulifanya neno hili kuwa jibu la "in", "into", "on", "at" na "during". Huandika "Alikimbia katika nyumba" akikusudia "He ran into the house". Msomaji wa Kiswahili humwona mtu aliyekuwa tayari ndani, akikimbia huku na huku baina ya kuta. Sentensi iliyotakiwa ni "Aliingia nyumbani mbio", au "Alikimbia akaingia nyumbani". Wengine husema "katika nyumbani", wakiyataja mahali mara mbili, na wengine huandika "katika asubuhi", ilhali asubuhi, usiku na jana ni majina yanayosimama yenyewe bila kusindikizwa.

Kosa la pili ni la "juu ya" kwa maana ya kuhusu. Matumizi hayo yamekwisha kuzoeleka, na mkosoaji anayetaka kuyafuta atajichosha bure. Lakini yapaswa kuangaliwa pale maana inapogawanyika: mtu asomaye habari ya "majadiliano juu ya meza" ana haki ya kuuliza kama meza ilijadiliwa au ilikaliwa.

Kosa la tatu ndilo la hatari, kwa kuwa halionekani. Nalo ni kutafsiri neno la mwelekeo kwa maana yake ya asili mahali ambapo Kiingereza kimeiacha maana hiyo. "He came up to me" haina kupanda ndani yake. Yasema tu kwamba mtu alisogea mpaka akafika karibu. Kiswahili chake ni "Alinijia" au "Alinisogelea". Mfasiri aliyefunzwa kwamba "up" ni juu atasema "Alinijia juu". Hayo ni maneno sahihi ya Kiswahili, na ndiyo balaa yake, kwa maana kumjia mtu juu ni kumkaripia kwa ghadhabu. Mtu aliyekaribia kwa amani amegeuzwa kuwa mgomvi kwa sababu ya neno moja.

Shahidi na Mkalimani

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na katika kifungu cha 50 imempa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha inayotumiwa katika kesi yake. Haki hiyo ni kubwa, lakini thamani yake hupimwa kwa sentensi moja moja. Shahidi akisema kwa Kiswahili na kumbukumbu zikaandikwa kwa Kiingereza, kinachobaki katika jalada ni maneno ya mkalimani.

Ichukuliwe kwamba shahidi anaulizwa kama alimwona mshtakiwa kwenye duka lililovunjwa. Shahidi wa pwani, au yeyote aliyelelewa katika Kiswahili fasaha, ana majibu matatu mbele yake. Akisema "Alikuwapo", mshtakiwa alikuwa pahali palipojulikana hasa, pengine mlangoni, pengine barazani. Akisema "Alikuwako", alikuwa upande huo, bila kutajwa pahali hasa. Akisema "Alikuwamo", alikuwa ndani. Kwa mujibu wa sheria, tofauti baina ya kuwa barazani na kuwa ndani ya duka lililovunjwa si ndogo. Mkalimani aliyekariri kwamba -po, -ko na -mo zote ni "there" atatoa jibu moja kwa yote matatu: "He was there". Jalada litakuwa limepoteza jambo ambalo shahidi alilisema waziwazi.

Na hapa ndipo elimu ya mfululizo wa Kiingereza inapoleta faida, kwani Kiingereza hakikukosa njia ya kuyasema hayo. Kinayo, nayo ni ile ile ya kupanga maneno ya mahali moja baada ya jingine. "Alikuwamo" ni "He was in there". "Alikuwapo" ni "He was right there". "Alikuwako" ni "He was over there", au "somewhere over there". Kile ambacho Kiswahili hukifanya kwa kubadili silabi moja, Kiingereza hukifanya kwa kuongeza neno mbele ya neno. Mkalimani anayeujua mfululizo huo anayo mizani ya kuupimia usemi wa shahidi. Asiyeujua hana, hata kama msamiati wake ni mpana.

Upande wa pili nao una mitego yake. Shahidi asemaye kwa Kiingereza "He came out from behind the shop" amesema mambo mawili: mtu alikuwa nyuma ya duka, na hapo mwanzo hakuonekana. Neno "out" ndilo linalotaja kufichika kwake. Tafsiri "Alikuja kutoka nyuma ya duka" huliacha jambo la pili. "Alijitokeza kutoka nyuma ya duka" hulihifadhi. Na asemaye "He ran back in through the window" ametaja mwendo, marejeo, kuingia na njia. Kiswahili kitasema "Alirudi ndani mbio kwa kupitia dirishani", na hakuna hata moja litakalopotea, ingawa kila moja limehamia mahali pengine katika sentensi.

Hata vihusishi vya wakati vyaweza kudhuru. "Late on Friday night" huonekana rahisi, na mwepesi wa ulimi atasema "usiku wa Ijumaa". Lakini katika hesabu ya jadi ya Waswahili siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao Mwingereza huuita "Thursday night". Mshtakiwa aliyedai kuwa safarini Alhamisi usiku aweza kupoteza utetezi wake kwa tafsiri ambayo kila neno lake lina mwenzake. Usemi salama ni ule ambao magazeti yameuzoea, yaani "usiku wa kuamkia Jumamosi".

Mwisho kuna utata wa kirai kinachokosa mwenyewe. "The guard struck the man with the torch" haielezi tochi ilikuwa mkononi mwa nani. Kiswahili hakiruhusu kunyamaza huko: ama bawabu "alimpiga mtu kwa tochi", ama "alimpiga mtu aliyekuwa na tochi". Mkalimani hulazimika kuchagua, na pasipo kumuuliza shahidi, uchaguzi wake ni ushahidi ambao haukutolewa na mtu yeyote. Wajibu wake ni kuomba ruhusa ya mahakama na kuuliza.

Hoja ya Kukubali Mabadiliko

Yawezekana kusemwa kwamba uhakiki wa namna hii ni wivu wa lugha, na kwamba Kiswahili kimekopa daima. Hoja hiyo ina uzito. Baada, kabla, baina, bila na hadi vyote vimetoka Uarabuni, na leo hakuna anayeweza kuandika ukurasa mmoja bila hivyo. Hata neno mahali lenyewe, lililo jina la ngeli ya PA-, ni la Kiarabu. Tena wasemaji wengi wa bara, na hasa wa Nairobi, wameziacha -po na -mo wakabaki na -ko peke yake, na si haki kuwahukumu kwa lugha wanayoisema nyumbani.

Lakini makosa yaliyohakikiwa hapa hayakuletwa na kukopa. Maneno yaliyokopwa kutoka Kiarabu yaliingia katika mpango wa Kiswahili, yakachukua -a unganifu na kukaa kama juu na chini. Makosa ya "katika" na "juu" hayakuleta neno jipya. Yamechukua maneno ya Kiswahili na kuyapanga kwa ramani ya Kiingereza. Kipimo hapa ni maana, wala si usafi wa damu. Mabadiliko yanayoongeza uwezo wa kusema na yapokewe. Yanayomfanya aliyeingia aonekane alikuwa ndani tangu awali, au aliyekuja kwa amani aonekane amekuja kwa shari, yana gharama ambayo hulipwa na mtu mwingine. Kuhusu msemaji wa bara, ni wajibu wa mkalimani kujua kwamba "alikuwako" ya mtu wa Nairobi haina ule mpaka ulio nao "alikuwako" ya mtu wa Lamu, na kuuliza inapobidi.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mgawanyo wa kielezi na kihusishi unaofundishwa darasani hauielezi hata sentensi ya kawaida ya Kiingereza, na kwamba wanasarufi wa lugha hiyo wenyewe wamekuwa wakiuacha hatua kwa hatua tangu mwaka 1924. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili, ambacho mahali pake ni jina na njia yake ni kitenzi, kinaumia kinapolazimishwa kuvaa mgawanyo huo.

Mambo mawili yafaa kufuatwa. Katika shule, virai vya mahali vya Kiingereza vifundishwe kwa mifululizo mizima, mwanafunzi akiulizwa kila mara msemaji amesimama wapi. Na -ni pamoja na PA-, KU- na MU- zifundishwe kuwa ngeli, si orodha ya vielezi. Na katika mafunzo ya wakalimani, -po, -ko na -mo zitazamwe kwa uzito ule ule unaopewa istilahi za sheria, kwa kuwa mtu asiyejua neno la sheria hujua kwamba halijui na huuliza, lakini asiyejua tofauti ya "alikuwapo" na "alikuwamo" hutafsiri bila kusita, na jalada hufungwa.